Damu ya Shira

Jumamosi usiku nyumbani kwetu Mbagala ni ya filamu za kutisha. Bisi zinakaangwa, chai ya tangawizi inachemshwa, taa ya sebuleni inazimwa, na anayeogopa anaruhusiwa kujifunika shuka gubigubi ila haruhusiwi kugusa rimoti. Desturi hiyo niliileta mimi. Nimekulia kwenye mabanda ya video, yale ya mabenchi ya mbao na joto la kukatisha pumzi, ambako filamu ya Kimarekani ilisimuliwa kwa Kiswahili na sauti ya msimulizi Lufufu. Tulitoka humo tumeshikana mikono, jasho likitutiririka, tukacheka njia nzima hadi nyumbani. Kuogopa pamoja na watu unaowapenda, huku ukijua mlango uko wapi, ni moja ya raha kubwa nilizojaliwa, na wanangu nimewarithisha.

Mume wangu ni muuguzi wa kitengo cha dharura katika hospitali moja ya jijini. Zamu zake za usiku zinapokea bodaboda waliogongana, mafundi walioanguka ghorofani, na vijana waliopigwa na wananchi kwa kuitwa wezi. Wageni wakishajua kazi yake hushangaa kumkuta Jumamosi amekaa kiti cha mbele kabisa, anatazama maiti wakila watu.

"Kwenye filamu sina mgonjwa," huwajibu. "Hakuna anayeningoja."

Kinachomkera ni damu ya uongo iliyofanywa vibaya. Damu ya kweli, anasema, haikai nyekundu muda mrefu. Inaganda, inaelekea kahawia, na ina harufu ambayo hakuna skrini inayoweza kuileta. Ndiyo maana anamheshimu sana Tom Savini, yule fundi wa vipodozi vya filamu. Savini alikuwa mpigapicha wa jeshi la Marekani huko Vietnam, akawaona waliouawa kwa macho yake kupitia lenzi, kisha akarudi kwao kutengeneza majeraha ya Dawn of the Dead ya mwaka 1978 na Friday the 13th ya mwaka 1980. Mume wangu humzungumzia kama mtu wa kazini kwao. Anaamini Savini alikuwa akifanya kwa mikono yake jambo ambalo vitani halikuwezekana: kumpasua mtu kichwa, kisha kumfuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu na kumpeleka akale chakula cha mchana.

Mume wangu huyohuyo hawezi kufungua klipu za ajali zinazotumwa kwenye simu. Alijitoa kwenye grupu la ukoo mwaka ambao binamu mmoja aliweka humo video ya mtu anayechomwa moto sokoni, chini yake watu wakaandika maneno ya kucheka. Mimi sikuitazama hata nusu. Niligeuza simu ikalala kifudifudi mezani, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Bado picha ile ndogo ya mwanzo, kabla hujabonyeza, ninayo kichwani hadi leo, ilhali mamia ya watu waliokatwakatwa mbele yangu katika filamu siwakumbuki hata sura.

Basi mwezi wa Juni, shule zimefungwa, mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji na limefunikwa, la kushoto lilikuwa linasubiri zamu yake, kwa hiyo Bibi aliona ukungu tu wenye rangi. Hilo halikumzuia kukaa nasi Jumamosi. Tulimwekea Nsyuka, filamu ya Mussa Banzi ya mwaka 2003, tukidhani tunamfurahisha kwa kitu chenye jina la kwao. Alisikiliza yote, kisha akasema kwamba nsyuka anayemjua yeye, maiti aliyerudi, hana haraka kiasi hicho. "Anakuja taratibu," akatuambia gizani, "kwa sababu anajua utakuwepo." Kitinda mimba wangu alilala chumbani kwetu usiku ule.

Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, maneno hayo yalimkaa. Alikuwa ameshaona filamu za Wakaliwood, zile zinazotengenezwa na Nabwana katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, akajua kwamba Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilipigwa uani kwa watu, bila studio, na kwamba kampuni ile ilianza kwa damu ya ng'ombe kabla ya kuhamia rangi ya chakula. Akatangaza kwamba likizo haitaisha bila yeye kutengeneza yake. Nikamsaidia kwa moyo wote.

Damu tuliipika kwa jiko la mkaa. Tulianza na nyanya ya kopo, ikatoka ya machungwa na kunukia mchuzi. Kisha nikapika shira nzito kama ya kaimati, tukatia rangi nyekundu ya keki, kakao vijiko viwili, na tone moja la bluu. Nikawaeleza watoto kwamba Hollywood nayo ilifika hapohapo: Dick Smith, bingwa wa kazi hiyo, alitumia shira ya mahindi na rangi za chakula, na Hitchcock katika Psycho ya mwaka 1960 alitumia shira ya chokoleti, maana filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Sauti ya kisu ikiingia mwilini ilitoka kwenye tikiti lililochomwa. Tikiti letu lilichomwa siku hiyo hiyo, likarekodiwa, likaliwa. Mume wangu aliitwa kukagua damu. Akainua kijiko kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa makini yake yote ya kazini. "Ongezeni kakao."

Muuaji alikuwa fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, ambaye nusu ya madirisha ya nondo na mageti ya mtaa huu yametoka mkononi mwake. Alikubali kwa sharti kwamba naye afe mwishoni. Alikuja na ovaroli yake ya kazi yenye mafuta na ile barakoa nyeusi ya kuchomelea inayofunika uso wote. Panga lilikuwa la boksi, amelikata vizuri na kulipaka rangi ya silva. Nililishika nikavutiwa na ufundi wake: hata makali alikuwa ameyachora.

Siku ya kupiga picha nilikwenda sokoni Rangi Tatu. Mume wangu alikuwa amelala, katoka zamu ya usiku. Bibi naye alikuwa kajipumzisha chumba cha uani. Kitinda mimba, maiti, alilazwa kwenye sakafu ya baraza la nyuma na kumwagiwa sufuria nzima. Dada yake alimpa agizo moja tu: asiinuke, asipepese, mpaka yeye mwenyewe aseme imetosha. Simu ikasimamishwa juu ya ndoo zilizopandana, ikawashwa.

Yaliyofuata niliyakusanya baadaye kutoka kwa kila mmoja. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa amepanda kwenye mnara wa tangi lake kutazama kama maji yameingia. Kutoka juu aliona mtu mwenye uso mweusi usio na macho, panga linameta, mtoto amelala kwenye dimbwi jekundu, na akasikia sauti ya msichana ikipiga kelele, "Kata! Kata tena! Kata kwa nguvu!" Ilikuwa ni mwongozaji akimwelekeza mwigizaji wake. Wakati huohuo Bibi aliamshwa na kelele, akatoka akipapasa ukuta, na katika ukungu wake akaona wekundu mkubwa na mjukuu wake katikati, hajibu anapoitwa. Akapiga yowe.

Mbagala yowe haliulizwi maelezo. Waliokuwepo tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka na mabomu kuanza kuanguka juu ya nyumba, wanajua kwa nini. Siku ile tulikimbia bila kujua tunakimbia nini, watoto wakapotezana na wazazi wao, na watu zaidi ya ishirini wakafa. Tangu hapo filamu za vita zimenishinda. Mlipuko wa kwanza tu naondoka sebuleni. Za mizuka ninaendelea nazo. Ila watu wa huku wamebaki na miguu inayotangulia akili, na mara nyingi miguu hiyo hukimbilia kuokoa.

Nilipoteremka kwenye bajaji kona ya mtaa, nilisikia neno "mwizi". Muuaji alikuwa ameshakuwa mwizi kabla hajafika getini, kwa kuwa hilo ndilo neno ambalo kila mtu anajua la kufanya akilisikia. Kijana mmoja alinipita akikimbia na mti mkononi, anacheka kwa furaha kama anayewahi mpira. Nilimsikia mwingine, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizia chenji, akiuliza nani ana tairi la zamani.

Geti letu lilikuwa limejaa migongo. Wanangu wengine walikuwa wanalia, "Ni filamu! Ni filamu!" na hakuna aliyewasikia, kwani hakuna aliyekuja pale kusikia. Katikati ya migongo ile nilimwona mume wangu, msuli na singlendi, amejilaza kifudifudi juu ya mtu mwenye ovaroli, amemfunika kichwa kwa mikono yake miwili. Fimbo zilizomlenga fundi zilikuwa zinampata yeye. Jirani wa tangi alikuwa amesimama juu yao na tofali la saruji.

Sikuweza kupenya. Nikazunguka kwa mlango wa jikoni hadi baraza la nyuma. Mwanangu alikuwa bado amelala vilevile, mikono ametupa huku na huku, macho amefumba, kimya kabisa. Kelele zote zile hazikumwinua. Najua nilichokipika. Najua kakao vijiko vingapi vilikuwa mle. Hata hivyo moyo wangu ulisimama, na kwa muda ambao siwezi kuupima nilimtazama kifuani kuona kama anapumua.

"Amka, mwanangu."

Akafumbua jicho moja. "Dada kasema?"

"Kasema."

Nilimbeba akiwa anatiririka hadi mbele, nikatoka naye nikipiga kelele jina lake. Aliyeniona kwanza alirudi nyuma. Wa pili naye. Nafasi ikafunguka, na mtoto aliyedhaniwa amechinjwa akawapungia mkono. Bibi, aliyekuwa amekaa chini ameshikiliwa na akina mama, aliisikia sauti yake, akanyoosha mkono, akampapasa shavu, akauleta ule wekundu puani, kisha kwenye ulimi.

"Sukari," akasema taratibu. Halafu kwa sauti iliyofika barabarani: "Ni sukari, jamani! Mnamuua mtu kwa sukari!"

Mume wangu akainuka kwa magoti, akaivua barakoa kichwani mwa kijana. Nakumbuka ukimya uliofuata. Nyuso zile zilimtambua moja baada ya nyingine. Aliyeshika tofali alikuwa amefungiwa madirisha yake na mikono ile miezi michache nyuma, na siku zile alikuwa akimwita "mwanangu". Walimjua kwa jina, kwa mama yake, kwa kanisa lake. Kipande cha chuma chenye kioo cheusi kilitosha kumfanya awe hana mtu.

Alikuwa amepasuka juu ya nyusi, na kidole kimoja kilikuwa kimevimba. Damu iliyomtoka haikujaza kikombe cha kahawa. Ilidondoka kwenye saruji tone kwa tone, karibu na alama za shira zilizotoka miguuni mwangu, na hata mtoto angeweza kuzitofautisha. Miguu iliniishia nguvu, nikakaa palepale getini. Mimi huyu nimeitazama Braindead ya Peter Jackson ya mwaka 1992, ambayo mwisho wake peke yake unasemekana ulikula lita mia tatu za damu bandia, na niliitazama nikila bisi. Matone yale ya fundi sikuweza kuyaangalia. Alikuwa anatetemeka mikono na kuwaambia waliompiga, "Samahani. Samahanini sana." Yeye ndiye aliyekuwa akiomba radhi.

Watu huuliza inawezekanaje nishindwe na damu ya kweli, na wengine huuliza kwa kutulaumu: anayefurahia machinjo ya kwenye skrini si atazoea ya mtaani? Watafiti watatu wa saikolojia wa Marekani, Jonathan Haidt, Clark McCauley na Paul Rozin, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 1994, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu filamu za mambo ya kweli, zikiwemo za machinjio ya ng'ombe na za upasuaji wa uso wa mtoto. Wengi walishindwa kuzimaliza. Ni vijana wa rika hilohilo linalolipa kiingilio kutazama mabaya kuliko hayo yakiigizwa. Mimi nilijua hivyo tangu banda la video. Kwenye filamu kila mtu amekubali kuwepo. Anayekatwa amesoma karatasi, anajua atakatwa lini, na anayemkata amemuuliza kama kamba inambana. Hofu yangu wameifanyia kazi watu wanaotaka nirudi nyumbani salama. Pale getini hakuna aliyemuuliza fundi chochote, hata jina.

Nami nasema kwa kinywa kipana: ukatili ninaouogopa katika nchi hii hautoki kwenye filamu. Unatoka kwenye urahisi wa lile neno moja linalopigwa barabarani. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, na anayemuua mtuhumiwa wa wizi ameua, kama muuaji mwingine yeyote. Mume wangu anawapokea hao watuhumiwa saa nane za usiku. Baadhi, anasema, walikuwa wanapita tu.

Fundi alishonwa. Mgongo wa mume wangu uliota mistari, na kwa siku kadhaa nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi huku Bibi akisimamia. Shira ilitoka sakafuni kwa kusuguliwa na kwa msaada wa sisimizi, waliofika kabla ya brashi. Pazia la mlango wa uani halikutoka doa, nikalikata matambara.

Kikao kilikaa kwa mjumbe. Waliokuja ni wachache kuliko waliokuwepo getini. Walichangishana gharama za matibabu na siku ambazo fundi hakufanya kazi, na jirani wa tangi alitoa zaidi ya wengine, macho chini. Hapo ndipo binti yangu aliposema kwamba simu ile juu ya ndoo haikuzimwa. Ilikuwa imerekodi yote: mwanzo, mauaji ya boksi yanayopendeza kweli, ambayo hata mjumbe aliyasogelea kuona vizuri, halafu yowe la Bibi, fundi kukokotwa kutoka kwenye picha, na kinachobaki ni mtoto amelala peke yake na sauti za nje. Dakika ya kwanza ya sauti hizo, mama wa fundi aliomba izimwe. Watu wawili, bila haya, waliomba watumiwe.

Uamuzi tulimwachia fundi mwenyewe. Alimtaka mjumbe kwanza aandike majina ya waliosikika, mjumbe akaandika, daftari likafungwa. Kisha akachukua simu, akamwelekeza binti yangu wapi pa kukata, wakaufuta ule mwisho pamoja, yeye akibonyeza. Sehemu yake ya muuaji wakaihifadhi. Alikuwa ameigiza vizuri na alijua hivyo.

Filamu ikabaki haina mwisho, na likizo ilikuwa bado. Fundi alisema atakuja kufa kama walivyokubaliana, ila barakoa haivai tena. Bibi, ambaye jicho la pili lilikuwa limeshatibiwa na sasa aliona hadi vumbi juu ya kabati, alisema barakoa haihitajiki: wampake unga wa muhogo usoni, atakuja taratibu, na waache kupiga kelele za kukata. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa ya siku na saa. Mlango wa nyumba ya pili ulifunguliwa na jirani mwenyewe. Akasikiliza, akaja kwetu jioni, akasimama nje ya geti, akamuuliza binti yangu kama kuna nafasi yoyote ndogo anayoweza kuigiza.

Binti yangu akamjibu kwamba nafasi ipo, ya mtu anayekuja kuokoa, lakini ruhusa akaiombe kwa fundi. Karakana haiko mbali, unaiona kutoka kwenye tangi lake. Hajaenda.